Fundi wa Mirija na Tumbo Langu

Niseme ya aibu kwanza, nipumue. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya chungu cha pombe, nimeshika tumbo kwa mikono miwili, nikasema watu wote wasikie kwamba Fundi wa mirija amenitilia sumu. Sumu yenyewe ilikuwa kumbikumbi. Asubuhi ile nilikuwa nimekula bakuli nzima, wabichi, wengine na mabawa yao, kwa sababu nilikuwa na haraka na kwa sababu mimi ni mlafi. Mkitaka kujua kama nilikuwa nadanganya, jibu ni kwamba wakati nasema sumu, niliamini ni sumu. Lakini kesho yake, nikiwa nyuma ya nyumba kwa mara ya tisa, nilijua vizuri kabisa ni nini, maana mabawa niliyaona. Na bado nikanyamaza misimu miwili ya mvua.

Haya. Sasa naweza kumsimulia Fundi mwenyewe.

Kwa asiyejua, huku kwetu kati ya Tororo na Busia pombe ya wimbi hainywewi kwa kikombe. Chungu kinawekwa katikati, mama mwenye pombe anamimina maji ya moto, watu wanakaa duara, kila mmoja na mrija wake mrefu kumpita yeye mwenyewe. Mrija ni kitu cha mtu binafsi, kama mswaki. Unaufunga, unauchomeka kwenye paa kwa ndani, na mtoto akiuchezea anachapwa. Chini ya mrija kuna kichujio, kikapu kidogo kama kidole, kinazuia makapi ya wimbi. Mrija wenye kichujio kibaya utakupa makapi mdomoni jioni nzima, unatema tema kama kuku.

Fundi alikuwa anatengeneza mirija hiyo, na hakuna mtu mwingine aliyeitengeneza vizuri kama yeye, si Busitema, si Masafu. Miti yake alikata mwenyewe mtoni, ile mitambaazi yenye uwazi ndani. Aliikausha kivulini, amefunga jiwe kila mwisho ili inyooke. Halafu alipasha moto waya wa gurudumu la baiskeli na kuupitisha ndani mpaka moshi utoke upande wa pili. Waya hizo nilimpa mimi. Miaka ile ya sitini nilikuwa nabeba watu kwa baiskeli kutoka ofisi ya forodha ya Uganda mpaka ile ya Kenya, na baiskeli yangu ilikuwa inapoteza waya kama mzee anavyopoteza meno.

Kazi ya baiskeli ilinifaa kwa sababu haikuuliza cheti. Shule niliacha darasa la tano, au tuseme yenyewe iliniacha, kwa adabu, bila kelele. Watu waliniita Redio. Nilikuwa nasema sana na hakuna aliyekuwa anajibu.

Fundi alikuwa mtu mfupi, mkavu, na sauti kubwa isiyolingana na kifua chake. Alitembea na fito zake begani hata akienda msalani. Akikutengenezea mrija, hakukupa hivi hivi. Aliuchovya kwenye maji, akavuta yeye kwanza mbele yako, akameza, akaupangusa kwa kitambaa, ndipo akakupa. "Umeona?" anasema. "Nimekunywa, sijafa. Sasa ni wako." Watu walipenda hilo. Walisema huyu ni fundi mwaminifu, hafichi kitu. Kumbukeni hilo.

Alikuwa anatengeneza kichujio kilichochakaa bure, kwa mtu yeyote, lakini alikutukana kuanzia mwanzo mpaka mwisho. "Hiki umekitafuna? Wewe ni mbuzi? Mke wako anakupa chakula kweli?" Ukitoka pale umetukanwa ukoo mzima, na kichujio chako ni kipya. Mama Nabwire, ambaye ndiye alikuwa anapika pombe pale senta yetu, alisema anapenda kumpelekea Fundi kazi kwa sababu anarudi na kicheko cha wiki nzima.

Jambo moja tu liliwakera watu. Hakusema kabila lake.

Sasa ninyi mnaweza kusema, hilo ni jambo gani? Huku kwetu ni jambo. Tuna Wasamia, Wateso, Wajopadhola, na watu waliokuja na reli na pamba, na kila mtu akikutana na mwingine anataka kujua amweke wapi, kama mtu anayepanga vyombo. Fundi alikuwa hapangiki. Ukimsalimia "Mulembe" anajibu kama Msamia. Ukimsalimia "Yoga" anajibu kama Mteso. Ukimpigia Kiswahili, anakirudisha kimenyooka kuliko chako. Wengine walijaribu kuchungulia meno yake ya chini, maana kuna watu huku ambao wazee wao waling'olewa meno ya chini wakiwa vijana. Lakini Fundi alikuwa amepoteza ya chini na ya juu, kwa hiyo mdomo wake haukusaidia uchunguzi.

Aliyejaribu zaidi ni Karani. Huyu alikuwa amewahi kuandika majina kwenye stoo ya pamba, na tangu wakati huo aliamini kila mtu lazima awe na mstari wake. Ndiye alikuwa mkubwa wa duara letu.

"Fundi, wewe ni mtu wa wapi hasa?"

"Mimi? Natoka nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Pale nalala."

"Nauliza kabila, mzee."

"Fundi."

"Hiyo si kabila!"

"Basi taja wewe moja, nivae nione kama itanitosha."

Tukacheka. Karani hakucheka. Na kilichofuata ndicho cha ajabu. Kwa sababu hakusema, kila mtu alimpa kabila mwenyewe, na hakuna aliyempa la kwake. Wasamia walisema huyu ni Mteso, angalia anavyojibu kwa ukali. Wateso walisema ni Mjopadhola, angalia anavyotembea. Wajopadhola walisema huyu ametoka Kenya, huko ndani kabisa. Na abiria wangu wa Kenya, nikiwapitisha mbele ya nyumba yake, walisema, "Huyo Mganda wenu." Yaani mtu mmoja, na kila upande unamsukuma upande wa pili. Tangu zile bendera mbili za uhuru zipandishwe, ya Uganda na ya Kenya, neno ng'ambo lilikuwa limeanza kuuma. Zamani ng'ambo ilikuwa mahali mbuzi wako wamepotelea. Sasa ikawa mahali wabaya wanatoka.

Lakini msidhani Fundi alikuwa malaika. Yeye naye alikuwa na watu wake wa kuchukia, na watu hao ni wa mkono wa kushoto. Ni kweli kwenye chungu kuna miiko. Usipulize mapovu, usipige chafya juu ya pombe, usishike mrija kwa mkono wa kushoto. Watu wengi wanaifuata kama wanavyofuata kanisa, yaani Jumapili. Fundi aliifuata kila siku. Mara moja alikuja kijana kutoka Tororo mjini, amevaa vizuri, akachagua mrija kwa mkono wa kushoto. Fundi akamnyang'anya.

"Weka chini."

"Kwa nini, mzee? Mimi nanunua."

"Mkono huo unavunja mirija. Nenda kanunue kikombe."

Kijana aliondoka amefura. Mimi nikakaa pale, nikamuuliza, "Fundi, wewe umewahi kuona mtu wa kushoto akivunja mrija?"

"Ndiyo. Mmoja."

"Mmoja tu?"

"Kwani wewe unataka wangapi?"

"Na wa kulia, hawavunji?"

"Wanavunja. Wengi."

"Sasa?"

"Hao ni bahati mbaya," akasema, akaendelea kusuka.

Nilicheka mpaka nikakaribia kuanguka kwenye gogo. Nilikwenda nikalisimulia senta nzima. Sikujua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa njiani kufanya lile lile, na kwa tumbo badala ya mkono.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa kumi, kwa Mama Nabwire. Fundi alikuwa ameniletea mrija mpya. Akauchovya, akavuta, akameza, akapangusa, kama kawaida. Nikanywa. Sijafika mbali, tumbo likanikaba kama mtu anakamua nguo. Jasho likatoka. Nikasimama, na mrija bado mkononi, jambo ambalo nalo ni mwiko.

"Fundi ameniua!" nikasema. "Ametia sumu kwenye mrija!"

Pale pakawa kimya. Niwaambie kitu ambacho sijapenda kukisema. Pamoja na maumivu yote yale, kimya kile kilinipendeza. Maishani mwangu hakuna aliyewahi kunyamaza nikisema. Nikifungua mdomo tu, watu wanacheka kabla sijafika kwenye maana. Siku ile wote walinitazama mimi. Karani alisimama kwa ajili yangu. Mama Nabwire alinishika mkono akaniita "baba". Ningekuwa na nguvu ningeongeza habari nyingine.

Kisha wakaanza kutoa ushahidi, na kila mtu alikuwa nao tayari, kama ulikuwa mfukoni.

"Mimi tangu ng'ombe wangu alipokufa nilikuwa najiuliza," Karani akasema.

"Na ile pombe yangu iliyochacha kabla ya siku yake?" Mama Nabwire akasema. "Alikuwa amepita hapa asubuhi."

Mtu mwingine akasema, "Kwa nini yeye anavuta kwanza? Nani anaweka mdomo kwenye mrija wa mwenzake bila sababu?"

Kile kile ambacho wiki iliyopita kilikuwa uaminifu, sasa ndicho kilikuwa ushahidi mkubwa kuliko wote. Rafiki yangu Wandera, fundi wa baiskeli, alikuwa amekaa karibu na mlango. Yeye peke yake ndiye aliyeuliza swali. "Lakini huyu Redio leo amekula nini?" Hakuna aliyemjibu. Mimi niliinama zaidi nikaugua kwa sauti.

Fundi hakupiga kelele. Alinitoa mrija mkononi, akakaa, akautia kwenye chungu, akavuta muda mrefu, mpaka mashavu yakaingia ndani. Akameza. "Haya," akasema. "Tukae tuone nani anakufa."

Karani akamjibu pale pale, "Sumu haiwezi kumuua aliyeitia."

Ukishasikia jibu kama hilo, ujue kesi imekwisha. Asingekunywa, wangesema anaogopa sumu yake. Amekunywa, basi ni yake kweli.

Huku kwetu mtu akifukuzwa kwenye duara, mrija wake unakatwa mbele yake. Hakuna barua, hakuna polisi. Karani alichukua panga la Mama Nabwire, akauchukua mrija wa Fundi, ule wake mwenyewe wa miaka mingi, mweusi kwa moshi, akaukata katikati. Fundi akaviokota vipande viwili, akaviangalia kwa jicho la kazi.

"Umekata vibaya, Karani," akasema. "Mrija unakatwa kwenye fundo. Sasa hivi vyote viwili havifai."

Akaviweka begani, akaenda. Kigoda chake kikabaki pale karibu na chungu. Kabla ya jua kuzama walikuwa wamekusanya mirija yote aliyowahi kutengeneza wakaichoma.

Jumamosi iliyofuata tukakaa duara, chungu kimejaa, maji ya moto yamemiminwa, halafu tukatazamana. Tulikuwa hatuna mirija. Tuliyochoma ndiyo tuliyokuwa nayo. Karani alituma watoto wakavunje vikonyo vya majani ya mpapai, maana navyo vina uwazi ndani. Tukavitumia. Utomvu wa mpapai ukaingia kwenye pombe, na pombe ikawa na ladha ya dawa ya minyoo. Wazee walikunywa wamekunja uso, na hakuna aliyesema neno, kwa sababu kusema kungekuwa ni kumtaja Fundi.

Baada ya wiki chache akaja mchuuzi kutoka Kirewa na mzigo wa mirija. Safi, imenyooka, kichujio kimekazwa. Akasema imetengenezwa na watu wa Kirewa, wakulima, watu wa dini. Karani akanunua wa kwanza, akavuta, akafumba macho.

"Mnaona?" akasema. "Huu unavuta bila kelele. Huu umetoka kwenye mkono safi. Tofauti unaisikia mdomoni."

"Hata pombe inakuwa tamu," Mama Nabwire akaongeza.

Mimi nami nilinunua. Nami nikasema naisikia tofauti.

Halafu siku moja mchuuzi yule akaumia mguu, akaniomba nimchukulie mzigo kwa baiskeli. Hakusema Kirewa. Alinielekeza chini, ng'ambo ya kijito, karibu na mpaka, kwenye nyumba yenye uzio wa matete. Nikafika mchana, nikazunguka nyuma bila kubisha hodi, na hapo nikamwona Fundi. Alikuwa amehamia huko. Amekaa chini, ana mrija kati ya magoti, anasuka kichujio. Na alikuwa anasuka kwa mkono wa kushoto. Haraka, vidole vinaruka kama kuku anadonoa. Ule wa kulia ulikuwa umeshikilia tu.

Akaniona. Kazi ikahamia mkono wa kulia kabla hajainua uso.

"Umeona nini?" akasema.

"Sijaona kitu, mzee."

"Vizuri. Na mimi sijaona mtu amekuja kuchukua mzigo."

Tukakaa. Mke wake akaniletea maji. Ili niseme kitu, nikasema, "Kumbe wewe..." na nikashindwa kumalizia. Fundi akakunja mkono wa shati, akanionyesha juu ya kiwiko. Kulikuwa na alama ya duara, ya zamani. Akasema alipokuwa mdogo, wakati wa kula, baba yake alimfunga mkono huo kwa kamba ya gome, ukabanwa ubavuni, mpaka alipojifunza kula kwa mwingine. Hakusema kwa huruma. Alisema kama mtu anayekuonyesha mahali paa linavuja.

"Na bado unawafukuza wa kushoto?" nikauliza.

"Mtu wa kushoto ni mbaya, Redio," akasema. "Nimekaa naye miaka yote hii. Namjua."

Sikujua nicheke au nisicheke, nikanywa maji. Halafu yeye akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Tumbo limepona?"

"Limepona, mzee."

"Vizuri."

Akafunga mzigo kwa kamba. Alipomaliza akauliza jambo jingine, na sasa hakuwa ananitazama. "Kigoda changu pale kwa Mama Nabwire, nani anakaa?"

"Hakuna mtu. Wanawekea kuni."

"Kuni," akasema. "Unajua, mirija naweza kuuza popote. Mpaka Malaba nauza. Lakini nikipika pombe hapa nyumbani nakaa mimi na mke wangu, na yeye hanywi. Chungu kizima, mtu mmoja. Nikivuta nasikia mwenyewe ninavyovuta."

Nilipanda baiskeli na mzigo wake nyuma, nikaenda kuwauzia watu mirija ya mkono safi.

Njia nzima nilikuwa najiambia, Jumamosi nitasema. Jumamosi ikafika nikasema ijayo. Hivyo hivyo, mpaka kumbikumbi wakatoka tena, na msimu mwingine tena. Sikuogopa kupigwa, nisijisifu kwa woga ambao sikuwa nao. Niliogopa kurudi kuwa Redio. Tangu siku ya sumu, Karani alikuwa ananisogezea kigoda. Wageni wakija, naitwa nisimulie. Mtu aliyenusurika! Nilikuwa nimeongeza vitu kwenye hadithi, hata malaika alikuwa karibu kuingia.

Mwishowe nikasema. Ilikuwa Jumamosi, watu wote wapo, Wandera naye yupo mlangoni. Nikaingia nimejichekea.

"Wazee, sikilizeni niwavunje mbavu! Mnakumbuka ile sumu yangu? Ilikuwa na mabawa!"

Wakaanza kucheka. Nikawaeleza bakuli, nikawaeleza ulafi, nikawaigizia nikikimbia nyuma ya nyumba na suruali mkononi. Mama Nabwire alikuwa anajifuta machozi kwa leso. Nikaona mambo yanakwenda vizuri. Nikasema, "Kwa hiyo Fundi hakufanya kitu. Tumwite arudi."

Kicheko kikakatika.

"Nani amekutuma?" Karani akauliza.

"Hakuna mtu. Nasema kweli."

"Wewe unapita kwake. Umeonekana kijitoni. Amekupa nini?"

"Hajanipa kitu! Maji tu."

Mama Nabwire akaweka leso chini. "Maji?" akasema. Akanitazama kwa huruma kabisa, kama mtu anayetazama mgonjwa. "Uii, baba. Amekulisha kitu. Zamani ulikuwa na akili."

Nilifungua mdomo kuwaambia waangalie mirija waliyoshika, nani amesuka. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikaliona panga limeegemea ukuta, nikaona wataichoma na hii, na mchuuzi atafukuzwa, na Fundi atabaki hata bila kazi. Nikameza. Jioni ile kigoda changu kilisogezwa kidogo. Si sana. Nilijikuta mgongo wangu unagusa kuni.

Miezi michache baadaye uzio wa matete ulikuwa umeanguka na nyumba ni tupu. Watu walisema, "Mnaona? Amekimbia. Asiye na kosa hakimbii."

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, kama mwaka umepita. Nilikuwa nimempeleka mama mmoja na kuku wake Busia ya Kenya, na nyuma ya soko nikasikia mtu anatukana kuhusu kichujio. Nikafuata sauti. Kulikuwa na duara, chungu katikati, na Fundi ameketi, ana kigoda, ana mrija mpya.

"Wewe ni mgeni wa Mganda?" akaniuliza mzee mmoja wa pale, akimwonyesha Fundi kwa kidevu. "Karibu, kaa. Sisi watu wa huko kwenu tunawaogopa kidogo, mna madawa. Lakini huyu wetu ni mtu mzuri."

Fundi akanikonyeza. "Umesikia? Hatimaye nimepata kabila." Akachovya mrija mmoja, akavuta, akapangusa, akanipa. Nikaupokea. Nikasema hapo hapo, taratibu, yeye tu asikie.

"Fundi, ile siku ilikuwa kumbikumbi."

"Najua. Ulipita kwangu asubuhi unatafuna. Mabawa yalikuwa kwenye ndevu."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Wandera aliuliza umekula nini, nani alimjibu? Wale hawakuwa wanatafuta ulichokula. Walikuwa wanasubiri mtu aumwe tumbo. La kwako ndilo lilifika kwanza."

Tukavuta kidogo. Kisha akasema, bila hasira, "Lakini wewe siku ya pili ulijua."

"Ndiyo, mzee."

"Ehe."

"Rudi nyumbani," nikasema. "Mimi nilijaribu kuwaambia. Nitawaambia tena."

"Kigoda changu bado kina kuni?"

"Bado."

"Kitoe kuni kwanza. Ukimaliza, ndipo uje uniite." Akageukia wenzake akaendelea na matusi yake, na wao wakacheka. Nilimaliza pombe niliyopewa, nikarudisha mrija, nikaaga.

Niliporudi nilipita moja kwa moja kwa Wandera. Alikuwa amepindua baiskeli ya mtu, anatafuta tundu kwenye mpira ndani ya karai la maji. Nikamwambia yote, ya Fundi, ya kigoda, ya kuni. Mwishoni nikalalamika.

"Lakini mimi nilisema, Wandera. Ulikuwepo. Nilisema ukweli mbele ya watu wote, wakakataa. Nifanye nini zaidi?"

Alizungusha mpira majini mpaka akaona povu, akaweka kidole pale.

"Siku ya sumu hukucheka hata mara moja," akasema. "Siku ya kumbikumbi ulianza kucheka ukiwa bado mlangoni. Sasa sisi tungejuaje ni ipi ya kweli?"